Nani Alimlipia Kijana wa Treorchy?

Leo tunakwenda Wales, nchi ndogo iliyoko upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, yenye watu milioni 3 na ushei. Ninayetaka tumzungumzie ni mwigizaji kijana aitwaye Callum Scott Howells, mzaliwa wa 1999, mtoto wa mji wa Treorchy katika bonde la Rhondda. Kama ulitazama filamu ya Netflix ya mwaka 2024 iitwayo The Beautiful Game, ile ya mashindano ya soka ya watu wasio na makazi, basi umeshamwona. Ndiye Nathan, yule kijana anayehangaika kujinasua na heroini. Kama hukuitazama, usijali, utamjua kabla hatujaagana.

Kijana huyu alipofikisha miaka 23 alikuwa ameshapata mambo ambayo waigizaji wengi huyatafuta mpaka mvi zikawaota. Alikuwa ameigiza katika tamthilia ya runinga iliyotazamwa na mamilioni. Alikuwa ameteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA, ambayo kwa Waingereza ndiyo tuzo kubwa kuliko zote za filamu na runinga. Tena alikuwa amekabidhiwa nafasi ya mbele katika mchezo wa muziki ambao watu walikuwa wakigombea tiketi zake jijini London. Ukiuliza haya yote yametokea wapi, jibu la haraka ni kipaji. Na sisi Waswahili tuna msemo wetu: chanda chema huvikwa pete. Sikatai. Lakini chanda hakijinunulii pete. Kuna mtu anayekwenda kwa sonara, akapatana bei, akatoa fedha mfukoni mwake. Jioni hii nataka tumtafute huyo aliyelipa.

Tuanzie mjini kwao. Rhondda ni bonde jembamba, mlima huku na mlima kule, na katikati nyumba zilizoshikana kuta, safu baada ya safu, zikifuata mteremko. Nyumba hizo zilijengwa kwa sababu moja tu, makaa ya mawe. Katikati ya karne ya 19 bonde lile lilikuwa la wafugaji wa kondoo. Haikupita miaka mingi likawa na migodi zaidi ya 50, na watu wakafurika kutoka kila pembe ya Wales, kutoka Ireland, hata kutoka Italia. Makaa yao yalipendwa na wenye meli za mvuke kwa sababu yaliwaka kwa moto mkali na moshi haba, yakawa yanapelekwa mpaka Port Said na Aden kuwekwa akiba kwa meli zinazokwenda Bahari ya Hindi.

Sasa sikiliza walichofanya wachimbaji wa migodi miwili ya jirani na Treorchy, mgodi wa Parc na mgodi wa Dare. Walikubaliana kila mmoja wao akatwe peni 1 katika kila pauni ya mshahara. Enzi hizo pauni moja ilikuwa na peni 240, kwa hiyo hesabu yake ni ndogo ukiitazama kwa mtu mmoja. Lakini ilikatwa kwa kila mtu, kila wiki ya malipo, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa fedha hizo wakajenga jengo lenye maktaba na chumba cha kusomea magazeti katika miaka ya 1890, na ilipofika 1913 wakaliongezea ukumbi mkubwa wa maonyesho. Ukumbi huo wa Parc and Dare upo hadi leo, jengo la mawe lililozipita kimo nyumba zote za wafanyakazi waliolijenga.

Hebu tulifikirie jambo hili kidogo. Mtu ameshinda chini ya ardhi, katoka uso mweusi tititi. Nyumbani kuna watoto wanaosubiri chakula. Mgodi wenyewe unaweza kumfukia wiki ijayo. Na bado mtu huyo anamwambia karani wa malipo: nikate peni ya ukumbi, nikate peni ya vitabu. Hakuna aliyemlazimisha kuipenda sanaa. Hakuna mfadhili aliyekuja na kamera. Aliamua kwamba mtoto wa mchimba makaa naye ana haki ya kusimama jukwaani, kwenye jukwaa la kweli lenye pazia.

Na watu wale waliimba. Kwaya ya wanaume ya Treorchy ilikwenda kuimba mbele ya Malkia Victoria katika kasri la Windsor mwaka 1895, wachimba makaa hao hao. Mpaka leo ukitaja Treorchy kwa mtu wa Wales, jambo la kwanza analokumbuka ni kwaya. Makaa yalikwisha. Mgodi wa mwisho wa bonde la Rhondda, uliokuwa Maerdy, ulifungwa Desemba 1990. Callum alizaliwa zaidi ya miaka minane baadaye, kwa hiyo hakuwahi kumwona mchimbaji wa kwao akitoka zamu. Alichokikuta ni ukumbi, ambao sasa uko mikononi mwa halmashauri, na mazoea ya kuimba, na mji ambao mvulana akisema anataka kuigiza hakuna anayeshangaa wala kumcheka.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kwaya. Mwaka 2010 mwongozaji wa kwaya, Tim Rhys-Evans, alianzisha kundi la Only Boys Aloud kwa ajili ya wavulana wa mabonde ya kusini mwa Wales. Yale ni maeneo ambayo migodi ilipofungwa ajira iliondoka nayo, na kijana wa kiume wa miaka 15 hana pa kwenda jioni ila barazani. Kwaya hiyo haikutoza ada na haikumchuja mtu mlangoni kwa usaili. Unakuja ulivyo, unafundishwa. Mwaka 2012 wakaingia mashindano ya runinga ya Britain's Got Talent, wakaimba wimbo wa Kiwelisi, wakashika nafasi ya tatu mbele ya taifa zima. Callum ni mmoja wa waliopita katika kwaya hiyo. Kwa hiyo kabla hajaingia chuo cha uigizaji, alikuwa ameshajifunza kupumua, kusikiliza sauti ya jirani yake, na kusimama mbele ya umati bila miguu kutetemeka.

Hatua ya pili ni chuo. Cardiff, mji mkuu wa Wales, kuna chuo cha muziki na uigizaji kilichoanzishwa mwaka 1949 ndani ya ngome ya mji huo. Anthony Hopkins, mtoto wa mwoka mikate wa Port Talbot ambaye baadaye alichukua Oscar mbili, alisoma chuo hicho katika miaka ya 1950. Callum naye alisoma hapo uigizaji, akahitimu 2020. Mwaka wenyewe unaujua, msikilizaji: kumbi za maonyesho zilikuwa zimefungwa dunia nzima kwa sababu ya korona, na wahitimu wengi wa fani hiyo walirudi kwao kukaa. Yeye alikuwa na bahati moja kubwa. Kabla hajamaliza masomo alishapata kazi, na kazi hiyo ilikuwa tayari imerekodiwa.

Kazi hiyo ni tamthilia ya It's a Sin, iliyoanza kuonyeshwa na Channel 4 Januari 2021, sehemu tano tu. Mwandishi wake ni Russell T Davies, naye ni mtu wa Wales, mzaliwa wa Swansea. Hadithi ni ya vijana marafiki wanaohamia London mwaka 1981, wengi wao wanaume wanaopenda wanaume, waliokimbia nyumbani ili wawe huru. Hawajui kwamba mwaka huo huo unaingia ugonjwa ambao bado hauna hata jina.

Callum aliigiza Colin, kijana mpole kutoka kwao huko huko kwenye mabonde, anayekwenda kuwa mwanagenzi katika duka la mafundi wa suti wa mtaa wa Savile Row. Wenzake katika nyumba wanayopanga ni watu wa kelele, wa muziki na kucheza mpaka asubuhi. Colin anavaa tai. Anaongea kidogo, anatabasamu sana, analala mapema. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwigizaji akipewa mtu wa kelele, hushika macho ya watazamaji kwa kelele. Akipewa mtu mpole, silaha zake ni chache: namna anavyokaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, namna anavyosubiri wengine wamalize ndipo atie neno, lafudhi ya kwao ambayo haifichi. Callum alizitumia hizo tu, na watazamaji wakampenda Colin kuliko wote.

Ndipo mwandishi akafanya ukatili wake. Katika nyumba ile wa kwanza kuugua ni huyo mpole, ambaye kila mtazamaji alikuwa ameshamweka upande wa watakaosalimika. Maradhi yanapanda kichwani, anaanza kupoteza fahamu za utu uzima. Anafungiwa hospitalini peke yake kwa amri ya sheria, kama mhalifu, mpaka marafiki wanapotafuta wakili wa kumtoa. Hilo mwandishi hakulibuni tu, kwani mwaka 1985 mgonjwa mmoja wa UKIMWI mjini Manchester alizuiliwa hospitalini kwa amri kama hiyo. Katika siku za mwisho za Colin kuna tukio ambalo anapoteza haya mbele ya mama yake mzazi, hajui afanyalo, na mama anamfunika shuka huku akiendelea kuongea naye kwa sauti ya kawaida. Katika tukio hilo macho ya Callum hayana kitu ndani yake. Ule upole wote aliotuzoesha ameuondoa, amebaki mtoto mkubwa kitandani. Alikuwa bado mwanachuo alipoigiza hayo.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hadithi hii. Miaka ni ile ile. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza 1989 akatangaza kwamba ameambukizwa, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa sawa na kujitangazia msiba, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amefariki. Kwetu ugonjwa uliingia kila nyumba, wake kwa waume. London ulianza kwa kuwapiga vijana ambao jamii ilikuwa imeshawatenga, kwa hiyo wengi waliona si msiba wao. Lakini mama wa Colin kando ya kitanda, mwalimu anayetoweka kazini bila kuaga, jamaa wanaosema marehemu alikufa kwa kifua kikuu au saratani ili jina lisitajwe, haya tunayajua bila mkalimani.

Na Wales ina sababu yake ya kulia na Colin. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kufa kwa UKIMWI Uingereza alikuwa kijana wa Wales, Terry Higgins, aliyekulia Haverfordwest kisha akahamia London kama Colin. Alifariki Julai 1982. Rafiki zake wakaanzisha shirika kwa jina lake, Terrence Higgins Trust, linalofanya kazi hadi leo. Tamthilia ilipoonyeshwa mwaka 2021, shirika hilo lilisema watu waliagiza vipimo vya virusi kwa wingi ambao halikuwahi kuuona. Kwa hiyo tukiuliza sanaa inaleta faida gani, nadhani hapo tuna sehemu ya jibu.

Sasa tuhamie jukwaani. Oktoba 2022 Callum aliingia katika mchezo wa muziki wa Cabaret, London. Mchezo huu ni wa mwaka 1966, na kisa chake kiko Berlin wakati Wanazi wanapanda madarakani. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuzwa klabu ya usiku, watu wameketi kuzunguka jukwaa, wengine mezani na vinywaji vyao. Uzalishaji ule, ulioongozwa na Rebecca Frecknall, ulikuwa umezoa tuzo 7 za Olivier mwaka huo huo. Nafasi aliyopewa Callum ni ya mshereheshaji wa klabu. Mtu huyu hana jina. Mwanzoni anakukaribisha kwa madoido, rangi usoni, mwili unajipinda, unacheka naye. Kila akitoka na kurudi ana vazi jingine, na kila vazi lina ubaridi zaidi ya lililotangulia, mpaka mwisho amesimama na suti ya kawaida, kachana nywele, hana madoido yoyote, na unagundua kwamba aliyekuwa anakuchekesha ndiye amekuwa mtu wa kuogopwa. Kutoka Colin hadi mshereheshaji huyo ni safari ndefu, na yeye aliimaliza katika muda usiotimia miaka miwili.

Aliyeianza nafasi hiyo katika uzalishaji ule alikuwa Eddie Redmayne. Redmayne ni mwigizaji hodari na Oscar anayo, sina ugomvi naye. Lakini alisoma Eton. Eton ni shule ambayo ada yake inazidi pauni 40,000 kwa mwaka, na ndani ya shule hiyo kuna ukumbi wa maonyesho wa wanafunzi wenyewe. Mwaka 2016 taasisi ya Sutton Trust ilitoa hesabu kwamba asilimia 42 ya Waingereza walioshinda tuzo za BAFTA walisoma shule binafsi, na shule hizo kwa ujumla hufundisha watoto kama 7 tu kati ya kila 100. Sidhani kuna anayeamini kwamba Mungu aligawa vipaji kwa kufuata risiti za ada. Kinachogawanywa kwa risiti ni majukwaa ya kujifunzia. Mtoto wa Eton analo jukwaa kwa sababu baba yake amelipa. Mtoto wa Treorchy analo kwa sababu wachimba makaa walilipa, zaidi ya miaka 80 kabla hajazaliwa. Ndiyo maana wawili hao waliweza kuvaa viatu vile vile.

Februari 2023 Callum alirudi kwenye hadithi za kwao, safari hii katika National Theatre ya London, katika mchezo wa Gary Owen uitwao Romeo and Julie. Usidhani ni ule wa Shakespeare. Romeo huyu ni kijana wa Splott, mtaa wa wafanyakazi mjini Cardiff ambao kiwanda chake cha chuma kilifungwa 1978. Ana miaka 18, ana mtoto mchanga, na analea peke yake. Mama yake Romeo ni mlevi. Anakutana na Julie maktaba, msichana anayejiandaa kwenda Cambridge kusoma fizikia. Mapenzi yanaota, mimba inaingia, na swali linakuwa nani kati yao atakayeacha maisha yake ili mwenzake aishi yake. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hata humo ndani ya hadithi, mahali pekee ambapo kijana asiye na kitu na msichana mwenye ndoto wangeweza kukutana ni maktaba ya umma. Aprili mchezo ukapelekwa Cardiff, ukumbi wa Sherman, watu wa Splott wakaweza kwenda kujitazama.

Mwaka uliofuata, 2024, BBC ilionyesha The Way, tamthilia ya sehemu tatu iliyoongozwa na Michael Sheen, mwigizaji mkongwe aliyekulia Port Talbot. Callum ni Owen, mtoto wa familia inayolazimika kukimbia mji huo baada ya ghasia zilizoanzia kwenye kiwanda cha chuma. Watu wa Wales wanakuwa wakimbizi, wanavuka mpaka usiku, wanafukuzwa. Wakati wa kurekodi hiyo ilikuwa hadithi ya kubuni. Kabla haijaonyeshwa, Januari 2024, kampuni ya Tata ikatangaza kuzima matanuri makubwa ya Port Talbot, na Septemba mwaka huo tanuri la mwisho likazimwa kweli.

Sasa nimefika kwenye neno langu. Zihesabu tena ngazi za kijana huyu: ukumbi wa peni, kwaya isiyotoza ada, chuo cha umma, runinga ya Channel 4 ambayo ni mali ya umma, National Theatre inayokula ruzuku, BBC inayolipiwa na watazamaji wa runinga. Hakuna hata ngazi moja aliyojijengea mwenyewe. Alizipanda kwa juhudi zake, hilo ni lake na asinyang'anywe na mtu. Lakini alizikuta.

Na ngazi hizo zinang'olewa. Septemba 2023 Baraza la Sanaa la Wales lilitangaza kwamba halitaendelea kuipa National Theatre Wales ruzuku yake ya pauni milioni 1.6 kwa mwaka, na mwisho wa 2024 kundi hilo likaacha kuwa jukwaa la taifa. Baraza lenyewe nalo likapunguziwa bajeti kwa asilimia 10.5. Mwaka 2024 huo huo, chuo cha Cardiff kikafunga mafunzo yake ya watoto na vijana, yale ambayo mtoto wa sekondari alikuwa akienda kuonja muziki na uigizaji kabla ya umri wa chuo. Michael Sheen akasema haiwezekani, akajitokeza mwaka 2025 kuanzisha jukwaa jipya la taifa na kutoa fedha zake mwenyewe. Apewe heshima yake. Ila hisani ya mtu mmoja ina mwisho wake, na mwenye hisani ndiye anayechagua nani aingie. Peni ya kila mtu haikumchagua mtoto wa mtu.

Kuna wanaouliza, mbona Richard Burton? Mtoto wa 12 kati ya 13 wa mchimba makaa wa Pontrhydyfen, mama alifariki yeye akiwa mdogo, na bado akawa mwigizaji mwenye jina la dunia. Hakuhitaji baraza la sanaa. Ni kweli, lakini alikuwa na mwalimu wa shule ya serikali, Philip Burton, aliyemchukua akaishi naye, akamfundisha kutamka na kusoma tamthilia, hata jina akampa. Tukisema kila kijana asubiri mwalimu wa namna hiyo, tutapata Burton mmoja kila baada ya miaka 50, na wengine tutawazika na vipaji vyao bila kujua tulizika nini.

Wengine wana hoja nzito zaidi. Wanasema fedha ni chache, foleni za hospitali ni ndefu, mtu mwenye akili atalipia dawa au ngoma? Hoja hii hutolewa Cardiff, na naamini umewahi kuisikia hata ulipo. Jibu langu nalitoa kwa wachimba makaa wale wale. Katika bonde jingine la kusini mwa Wales, mji wa Tredegar, wafanyakazi walikuwa wakikatwa mshahara kulipia chama chao cha matibabu, wakaajiri madaktari, mchimbaji na mkewe na wanawe wakatibiwa. Aneurin Bevan, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13, aliona mfumo huo ukifanya kazi mjini kwao. Alipokuwa waziri wa afya akausambaza Uingereza nzima, na Julai 1948 ndipo ilipoanza huduma ya afya ya taifa wanayojivunia Waingereza hadi leo. Watu wa mabonde yale, katika umaskini wao, hawakuona sababu ya kuchagua kati ya zahanati na jukwaa. Walilipia vyote viwili kwa mshahara ule ule. Serikali zilizokuja baadaye, zenye fedha ambazo mchimba makaa asingeweza hata kuzihesabu, ndizo zinazotuambia haiwezekani.

Kwa hiyo msikilizaji, siku ukimwona mtoto wa mtaani kwenu akiigiza watu wakavunjika mbavu, msifu, lakini usiishie kusema ana kipaji. Uliza kundi lao linafanyia wapi mazoezi, nani analipa umeme wa hapo, na kama mwakani bado watakuwa na mahali.